Sola ya Maji Moto: Kanuni za Maskati Zilipofika Nyegezi

Shemeji yangu alirudi Mwanza baada ya miaka kadhaa ya ufundi bomba Maskati, mji mkuu wa Omani, na zawadi kubwa aliyotuletea ilikuwa ujuzi. Nyumba yetu ya Nyegezi ilikuwa inaoga kwa hita ya umeme, ile inayofungwa kwenye bomba la mvua bafuni, na LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inalia kabla mwezi haujafika katikati. "Kule watu wanachemsha maji kwa jua tu," alisema. "Nyinyi mna jua na ziwa mlangoni, mnangoja nini, shemeji?" Novemba ile tukanunua mtambo wa sola wa mirija 20 ya kioo wenye tangi la lita 200, akaufunga mwenyewe juu ya paa kama alivyofunga mingine mingi. Desemba maji yalitoka ya moto hadi tukaanza kuwaonya watoto. Februari bado yalikuwa mazuri. Juni, asubuhi zilipoingia ubaridi na sote tukayahitaji kweli, yakatoka vuguvugu. Tukarudi kwenye hita.

Tukalaumu tangi, tukalaumu mirija. Fundi mmoja wa mtaani akapanda, akagonga hapa na pale, akashuka na hukumu kwamba ndani kumejaa ukoko wa chokaa. Hapakuwa na kitu kibovu. Mtambo ulikuwa unafanya kazi barabara, ila ulikuwa umefungwa kwa ajili ya Maskati.

Kabla ya kufika huko, tutenganishe sola mbili, maana neno moja linabeba vitu viwili. Mtu wa hapa akisikia sola anaona paneli, betri na taa. Paneli ya umeme hugeuza kama sehemu moja ya tano ya jua linaloipiga kuwa umeme, na ikipata joto kali uwezo wake hushuka. Mtambo wa maji haugeuzi kitu. Unapokea joto na kulizuia lisitoroke, na nusu ya jua, pengine zaidi, huishia ndani ya maji. Hauna betri wala waya, labda uwe umewekewa hita ya akiba ndani ya tangi, na ile ya nyumbani mingi haina hata pampu.

Siri ya kwanza ni kioo. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1767, alionyesha kwamba sanduku jeusi lililofunikwa vioo linaweza kupata joto kupita kile kiwango cha maji kuchemka, kwa jua tupu. Mirija ya kisasa imepiga hatua moja zaidi: kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa iliyokuwa katikati imenyonywa yote. Ni chupa ya chai iliyogeuzwa kazi. Chupa ya chai inazuia joto la ndani lisitoke; mrija nao unazuia vilevile, ila ngozi yake ya ndani imepakwa rangi nyeusi inayolikaribisha jua liingie kwanza. Ipo pia aina ya kisanduku bapa, yenye bati jeusi na mabomba ya shaba chini ya kioo kimoja. Hiyo hupoteza joto zaidi, lakini ni ngumu kuvunjika.

Siri ya pili ni uzito. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina gramu 998. Ikifika nyuzi 60 ina gramu 983. Hizo gramu 15 ndizo pampu yako. Maji yaliyopata moto ndani ya mrija yanakuwa mepesi, yanapanda tangini, na yale ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Mzunguko huo unaendelea jua likiwapo na unakufa likizama. Ndiyo sababu tangi hukaa juu ya mirija, kamwe si chini yake. Huko California, mwaka 1909, William Bailey alitenganisha tangi na sehemu inayoota jua, akalivika tangi lisipoteze joto, akauza mtambo huo kwa jina la Day and Night, kwa kuwa maji yalikaa moto mpaka asubuhi. Kilicho juu ya paa letu ni mjukuu wake.

Sasa turudi kwa shemeji na jua lake.

Maskati iko kaskazini ya ikweta kwa digrii 23 na nusu hivi, karibu kabisa na mstari ambao jua haliuvuki kwenda kaskazini. Kwa hiyo fundi wa kule haumizi kichwa kuhusu uelekeo: mwaka mzima jua la adhuhuri liko kusini yake, na mwezi wa Juni liko utosini. Elekeza kusini, funga boliti, nenda nyumbani. Na vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi vingi vinasema hivyohivyo, kwa sababu vimeandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini.

Mwanza iko kusini ya ikweta kwa digrii mbili na nusu tu. Jua letu linahamahama. Simamisha fimbo uani utaliona, lakini usiende saa sita kamili. Saa zetu zimefuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao kwa usawa wetu unapita huko baharini, nje kabisa ya pwani ya Tanzania. Sisi tuko karibu na digrii 33, ndiyo maana jua la Mwanza hufika kileleni karibu na saa saba. Desemba kivuli cha fimbo yako kitalala upande wa kaskazini. Juni kitalala kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba fimbo haitakuwa na kivuli cha kusimulia.

Kwa hesabu, Juni jua la adhuhuri hapa huinama digrii 26 kaskazini ya utosi, na Desemba digrii 21 kusini. Shemeji aliilaza mirija ikitazama kusini kwa mwinamo wa digrii 35. Desemba jua lilikuwa linaipiga karibu uso kwa uso, pembe ya digrii 14 tu, na kwa jua la moja kwa moja hiyo ni asilimia 97 ya kile unachoweza kupata. Juni pembe ikawa digrii 61, na mavuno yakashuka chini ya nusu. Mtambo uleule, paa lilelile, anga ya Juni safi bila wingu, na sisi tunaoga vuguvugu.

Sikumdhihaki, na hakustahili. Mwinamo ule mkali una akili yake, ila ni akili ya jangwani. Kule kiangazi joto hupita nyuzi 40 na tangi la maji baridi lililo juu ya paa linajipikia lenyewe. Shemeji anasimulia kwamba miezi hiyo watu huizima hita iliyo ndani ya nyumba na kuifanya ndiyo tangi la maji baridi, kwa sababu yenyewe iko kivulini pamoja na kiyoyozi. Anayetaka kunawa uso anafungua koki nyekundu. Ya bluu itamuunguza. Kwa hiyo maji ya moto ya jua hayatakiwi Julai. Yanatakiwa Desemba hadi Februari, usiku wa jangwani unapokuwa baridi, na miezi hiyo jua la Maskati limelala chini sana, digrii 47 kutoka utosini. Mtambo uliosimama kwa mwinamo mkali unalitazama jua la wakati wa baridi uso kwa uso na kulikwepa lile la kiangazi. Mwinamo ni breki pia, usije mtambo ukachemka na kujiua mwezi ambao hakuna anayeuhitaji.

Mwanza hatuna kiangazi cha namna hiyo wala baridi ya namna hiyo. Maji ya ziwa yanazunguka nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka wote. Tunachohitaji ni mtambo usiolala kupita kiasi wala kusimama kupita kiasi: digrii 15 hadi 20, uso kaskazini. Kwa digrii 20 kaskazini, Juni unavuna karibu lote, na Desemba unavuna robo tatu. Kwa nini tuipendelee Juni? Kwa sababu ndipo watu wanapoomba maji ya moto, na ndipo anga inapokuwa wazi. Mvua za vuli zikianza, mawingu huutawanya mwanga ukaja kutoka kila upande, na uelekeo hauna uzito uleule. Kwa nini basi usiilaze kabisa, maana hesabu ya jua peke yake ingekubali? Kwa sababu zile gramu 15 zinahitaji mlima wa kupanda. Mirija iliyolala huzungusha maji kwa uvivu, na vumbi linakaa juu yake likingoja mtu.

Ipo kanuni moja ya jangwani ambayo inabaki ilivyo, na mimi ningeibandika kwenye kila boksi linaloshushwa Mwanza: usiujaze mtambo mkavu mchana. Mrija usio na maji ndani yake, ukipigwa jua saa kadhaa, hupita nyuzi 200. Jangwani hutokea mwenye nyumba akisafiri. Hapa kwetu hutokea bila kusafiri, kwa sababu milimani, huko Mabatini na Igogo na kwingine kwenye mawe, maji huja kwa zamu. Zamu ikichelewa, tangi linakauka, mirija inaiva, halafu saa nane mchana maji yanarudi kwa kishindo na kuingia kwenye kioo cha moto. Mlio wake mwenye nyumba hausahau. Jaza alfajiri kabla ya jua, au usiku likishapoa. Ukienda kijijini sikukuu ya Krismasi na nyumba inabaki tupu, funika mirija kwa turubai. Turubai hilohilo litakuokoa siku ukilazimika kujaza mchana: funika, subiri saa kadhaa, ndipo ufungue maji.

Kwenye maji ndipo penye kosa letu la pili, ambalo halikutoka Omani. Mitambo mingi ya mirija inayouzwa kwa bei ya chini haivumilii presha. Tangi lake ni bati jembamba, lina tundu au kijibomba cha kupumulia, na limekusudiwa kulishwa polepole kutoka tangi lililo juu kidogo ya lenyewe. Ukiliunganisha moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, au na pampu, ipo siku litavimba au kupasuka. Sisi hatukufanya hivyo. Tulichofanya ni kuliunganisha na simtanki letu lililo kwenye mnara wa mita tatu, wakati mtambo uko kwenye paa la mita nne na zaidi. Maji hayapandi kilima kwa kubembelezwa. Wiki nzima tulishangaa kwa nini tangi la sola halijai, mpaka mwanangu wa darasa la sita akauliza kwa nini tangi la chini linamlisha la juu. Dawa ilikuwa tangi dogo lenye boya, limefungwa juu ya usawa wa tangi la sola, likijazwa na pampu. Kama nyumba yako bado ni ramani, mwambie fundi mapema: simtanki liwe juu kuliko sola. Ukishajenga mnara, kuurefusha ni gharama na matusi.

Kuhusu kile kijibomba cha kupumulia, kisizibwe hata kikidondosha matone. Lita 200 zikitoka nyuzi 24 hadi 60 hupanuka kwa karibu lita tatu, na lita tatu hizo zitatafuta pa kutokea. Namjua mtu aliyeziba kwa kipande cha mpira wa pikipiki kwa kuwa kilikuwa kinachafua bati. Tangi lake sasa lina umbo la parachichi.

Barafu tuipite haraka. Jabal Akhdar, milimani kule Omani, usiku wa Januari maji huweza kuganda, na maji yakiganda bomba linapasuka. Kwa hiyo huko hutumia mzunguko uliofungwa wenye dawa ya kuzuia kuganda, na joto linahamishiwa kwenye maji ya kuoga kupitia koili. Mwanza haigandi. Anayekuuzia mtambo wa dawa ya barafu Nyegezi anakuuzia koti la theluji, isipokuwa ana sababu nyingine, na sababu nyingine ipo: chokaa.

Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi, na hayawezi kujaza ukoko kwenye mirija kwa miezi saba, ndiyo maana sikumwamini yule fundi wa mtaani. Maji ya kisima ni hadithi nyingine. Kadiri maji yanavyopata moto ndivyo chokaa inavyojitenga na kuganda kwenye kuta, na mtambo wa jua ni mahali pa moto kuliko pote nyumbani. Mafundi wa jangwani wanaotumia visima wanaujua ukoko huu kama wanavyoujua mchanga. Huhitaji maabara. Chungulia sufuria ya chai au birika la umeme: likiwa na utando mweupe mgumu chini, maji yako yana chokaa, na hapo mtambo wa mzunguko uliofungwa unastahili bei yake. Ukiwa na maji ya ziwa, bakia na ule rahisi, na baada ya miaka michache kagua fimbo ya magnesiamu kama tangi lako linayo. Fimbo hiyo huliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ikiisha, zamu ni ya tangi.

Vumbi nalo. Jangwani mtu husafisha kioo kila mara, na mchanga wa kule hauna mvua ya kuuosha. Sisi tuna vumbi la Juni hadi Septemba kwenye mitaa isiyo na lami, kisha mvua inafanya kazi yake bure, mradi mwinamo upo. Adui yetu halisi ni korongo. Wale ndege wakubwa wenye upara wanaorandaranda majalalani na soko la samaki wanapenda kupumzika mahali pa juu penye joto, na tangi la sola ni kiti cha enzi. Kinyesi chao hakisubiri mvua. Kinakauka na kuwa saruji. Shemeji alifunga waya mwembamba sentimita kumi juu ya tangi, korongo akakosa pa kutulia. Hilo hakulisoma Maskati.

Na uzito: tangi la lita 200 likijaa, pamoja na fremu yake, linakaribia kilo 300. Lisikae juu ya mabati tu. Miguu ishuke mpaka kwenye kenchi, au juu ya ukuta, au ujenge mnara wake, kisha ufunge kweli, maana dhoruba za ziwani zinajulikana kwa kung'oa paa zima. Bonde hili la ziwa ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, kwa hiyo fremu ya chuma iliyo juu ya kila kitu iwe na waya wa kushuka ardhini. Bomba la maji ya moto liwe PPR lenye mstari mwekundu. Lile la PVC la maji baridi litalegea kama tambi. Lifunikwe, na liwe fupi. Mita 15 za bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 hushika karibu lita tano, na hizo zote utazimwaga kila asubuhi zikiwa baridi kabla ya moto kufika.

Ukubwa ndipo wauzaji wanapopata chakula. Wao huhesabu mirija: kumi lita 100, ishirini lita 200, na kubwa ndiyo bora. Wewe hesabu watu. Mtu anayeoga kwa ndoo ya lita 20 anataka maji ya nyuzi 40 hivi. Maji ya tangi yakiwa nyuzi 60 na ya ziwa nyuzi 24, kila ndoo inataka lita tisa tu za moto, zilizobaki ni baridi. Familia ya watu watano inayooga kwa ndoo mara moja kwa siku inamaliza lita 45 za tangi. Kwa bomba la mvua, dakika sita kila mmoja, lita nane kwa dakika, wanafika kama 107. Sisi tulikuwa na lita 200 kwa watu watano, na ndiyo maana Desemba maji yalitisha: mtambo mkubwa kuliko matumizi hupika maji yaleyale siku baada ya siku. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto haraka zaidi, kwa hiyo weka valvu ya kuchanganyia, na bafuni fungua baridi kwanza. Usishushe joto la tangi kwa kuogopa, maana maji yanayokaa vuguvugu siku nyingi, kati ya nyuzi 25 na 45, hufuga bakteria wa mapafu.

Pesa? Hita ya bafuni ya kilowati 5.5, watu watano, dakika nane kila mmoja, ni karibu uniti 3.7 kwa siku, 110 kwa mwezi. Uniti ikiwa kwenye shilingi 350 hivi, hiyo ni shilingi 38,500. Na kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake imeshakutoa humo kabla hujawasha taa. Chukua bei ya mtambo pamoja na ufundi, mnara na lile tangi la boya ambalo hakuna anayekutajia dukani, ugawe kwa akiba yako ya mwezi, utapata miezi ya kurudisha fedha. Anayeoga kwa maji ya mkaa apime mkaa wake: ndoo moja kutoka nyuzi 24 hadi 42, kwenye jiko la kawaida, hula karibu robo kilo. Anayeoga maji baridi mwaka mzima, na Mwanza wapo wengi wenye afya zao, hana cha kurudisha.

Sisi tuliugeuza mtambo mwezi wa Julai. Tuliumwaga usiku, alfajiri shemeji akapanda na msumeno wa chuma, akakata miguu ya nyuma ya fremu hadi mwinamo ukashuka kwenye digrii 20, tukauhamishia upande wa kaskazini wa paa na kuujaza kabla jua halijatoka upande wa Igoma. Jioni yake tuliyapima kwa mkono, kisha kwa kipimajoto: nyuzi 58. Shemeji alisema kipimajoto kimekosea, yalikuwa 60. Matundu manne ya boliti za zamani yalibaki upande wa kusini, tukayaziba kwa lami. Vuli ilipofika matatu yalikaa kimya. La nne liko juu ya stoo, na chini yake tumeweka ndoo.